Ubora wa Mlio

Jioni, katika baraza za Temeke na Kinondoni, watu wanapojadiliana ni muziki upi wa kufungulia kipindi cha televisheni ulio bora kuliko yote, vijana wakiutetea ule wa tamthilia waipendayo, na wazee wakizishika ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule kipofu hodari aliyepiga ngoma nyingi peke yake, ambaye mdundo wake uliitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania, hapana budi kuuliza kwanza: je, uzuri umo katika dhati ya sauti, au katika nafsi ya asikiaye?

Wengi hujibu kuwa ni mazoea tu. Sikubali. Mazoea huzaa mapenzi, hayazai ubora. Tangu televisheni ianze Tanzania Bara mwaka 1994 tumezoea milio mingi, na mingi tumeisahau. Muziki wa namna hii una wajibu wake, nao ni kuwaita watu na kuzitayarisha nyoyo zao kwa neno litakalofuata. Ngoma zile zilipolia, mama aliuacha mwiko chunguni, na fundi viatu akaizuia nyundo hewani.

Kwa hiyo, japokuwa zilizaliwa redioni, hukumu yangu ni kwamba ngoma za Nyunyusa ndizo bora, hata kwa asiyepata kuzisikia.