Mtoto anayekohoa: akae nyumbani ao aende masomoni?



Kipwa kimefika tena. Hapa Katanga, kuanzia Mei mpaka Agosti, mvua haionekani, vumbi linajaa barabarani, na katika Juni na Julai baridi ya usiku inashuka chini ya digrii 10 hapa Lubumbashi. Watu wanafunga madirisha na kukusanyika karibu na mbabula. Katika miezi hiyo watoto wanakohoa sana, na ni miezi ya mitihani.

Wakati wa ugonjwa wa Korona, mama mmoja wa parokia yetu alituletea ulizo. Mtoto wake wa darasa la 6 alikuwa na homa na kikohozi, na mtihani ulikuwa karibu. Akimwacha nyumbani, mtoto anapoteza mwaka. Akimtuma, mtoto atakaa kwenye benchi moja na wenzake, na wale watarudi jioni kwa babu na nyanya zao. Wengine walimwambia: "Mama, omba tu na umtume. Mtoto wa imani haambukizi mtu." Je, mama huyu afanye nini?

Kwanza tuangalie neno la wale waliomshauri. Ni kweli, Mungu analinda watu wake. Sisi ni kanisa lililozaliwa katika uponyaji; kila mwaka tunakumbuka tarehe 6 Aprili 1921 kule Nkamba. Lakini nabii Elisha alimtuma Naamani kuoga Yordani mara saba, na Isaya aliagiza waweke tini juu ya kidonda cha mfalme Hezekia. Bwana mwenyewe alikataa kujitupa kutoka juu ya hekalu ili malaika wamshike. Kumtegemea Mungu ni jambo moja, kumjaribu ni jambo lingine. Kama sabuni na maombi vingekuwa adui, Kanisa letu lisingejenga vituo vya matibabu kando ya mahekalu yake.

Tena tukumbuke mwaka 1918. Mwaka ule homa kubwa iliyoenea ulimwenguni kote ilifika Congo, ikaua watu wengi katika vijiji vya Bas-Congo. Ni katika siku zile za kilio Papa Simon Kimbangu alisikia mwito mara ya kwanza, mwito wa kuchunga kundi. Mchungaji hahesabu kondoo mmoja tu. Mzazi anayesema "wangu apite mtihani, wa wengine Mungu anajua" anachunga mmoja na kusahau kundi. Korona haikuwatesa sana watoto wengi. Iliwaangusha zaidi wazee na wenye magonjwa mengine. Kwa hiyo mtoto aliweza kuibeba bila kuanguka, na mwenye kulipa akawa nyanya wa jirani.

Basi tulimjibu yule mama: mtoto akae nyumbani. Jibu lilikuwa la haki, naye alitii.

Lakini ndugu zangu, hapa ndipo nataka tujihukumu. Kiisha kumjibu, tulirudi kila mtu kwake. Hakuna kati yetu aliyekwenda kumwona mwalimu. Hakuna aliyeleta daftari ya mwenzake ili mtoto anakili. Mama yule anauza mboga sokoni. Siku asipouza, nyumba haili. Alikaa na mgonjwa siku sita, na sisi tuliomshauri hatukumpelekea hata kopo la unga. Mtoto alipona, lakini alirudia mwaka. Tulisema neno la upendo, na gharama yake tukaiacha juu ya mtu mmoja maskini.

Je, agizo lililo jema ni jema bado kama analilipa mnyonge peke yake? Tusome tena kitabu cha Hesabu, sura ya 12. Miriamu alipopata ukoma, alitengwa nje ya kambi siku saba. Sheria haikumhurumia kwa sababu alikuwa dada ya Musa. Lakini tuone jambo la pili, ambalo tunalipita haraka: taifa lote halikusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa. Maelfu ya watu walikaa mahali pamoja wakimngojea mgonjwa mmoja. Kumtenga kulikuwa kwa ajili ya kambi. Kumngojea kulikuwa kwa ajili yake. Sisi tulishika nusu ya kwanza na kuacha ya pili.

Tunajua kufanya nsinsani. Wanaume wanashindana na wanawake, vijana na wazee, mpaka feza zinapatikana, na hekalu la Nkamba lilijengwa hivyo. Kwa nini tusiweke pembeni sehemu ndogo kwa ajili ya mama anayekaa na mgonjwa? Kwa nini vijana wetu wasipeleke madaftari, na wakubwa wa parokia wasiende kuongea na mkubwa wa masomo mapema, mbele ya mtihani kupita?

Kuna mzigo mwingine ambao mtoto asibebeshwe. Nyanya akifa, midomo mingine inaanza kusema: "Ni mtoto huyu aliyeleta kifo, ni mchawi." Hilo ni dhambi mbele ya Mungu, na sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inalikataza. Mtoto aliyeambukiza hakutaka. Akiona huzuni ya nyumba na hakuna anayemweleza, atajihukumu mwenyewe kimya. Tumweleze ukweli kwa maneno ya umri wake, aombe pamoja nasi, apewe kazi ndogo ya kufanya. Moyo wa mtoto unapata nguvu akijua kwamba hakuachwa.

Kwa matendo ya kila siku, tushike haya:

1. Tufungue dirisha hata kidogo, nyumbani na darasani. Mbabula yenye makala isilale ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake inaua watu usingizini.

2. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ao majivu kama sabuni imekosekana. Anayekohoa afunike kinywa kwa kiwiko.

3. Homa si ya Korona tu. Mtoto apelekwe kwa munganga apimwe malaria upesi.

4. Chanjo zisiachwe. Surua iliyoanza mwaka 2018 iliua katika nchi yetu watu zaidi ya 6,000 mpaka mwanzo wa 2020, wengi wao watoto chini ya miaka mitano.

5. Bukari peke yake haitoshi: sombe, lengalenga, maharagi, ndakala. Na mtoto alale mapema, mwenye nguo ya baridi.

Masomo yalifungwa Machi 2020, yakafungwa tena Desemba, yakafunguliwa Februari 2021. Mei 2023 OMS ilitangaza kwamba hatari ile kubwa imekwisha. Lakini Agosti 2024 kengele ililia tena kwa ajili ya mpox, na katika Congo watoto wengi waliugua. Ugonjwa mwingine utakuja. Ulizo la yule mama litarudi, labda katika nyumba yako.

Tunafundishwa upendo, amri na kazi. Amri inasema mtoto mgonjwa akae. Upendo unasema asikae peke yake. Kazi ni kuchukua daftari na kopo la unga na kwenda kubisha mlangoni kwao leo jioni.

Mungu Baba awabariki na awalinde watoto wetu. Amina.