Gharama ya Shaka Hulipwa na Nani?

Nyumbani kwetu Bwera, ukisema "wanasema" mbele yangu, lazima nitakuuliza ni akina nani hao wanaosema. Tabia hii nilikuwa nayo tangu shule ya msingi, ikakomaa sekondari, na nilipoingia chuo kikuu kusoma baiolojia ikawa kama imepewa cheti. Bibi yangu huniambia, "Mjukuu wangu, siku ya kuoa utamdai bibi harusi risiti." Watu hucheka, nami hucheka nao, lakini moyoni nimekuwa nikijivuna. Nilijiona mtu asiyedanganyika.

Sasa ninamalizia tasnifu ya mwaka wa mwisho, na nimekutana na jambo ambalo sikulitarajia. Watakaoisoma tasnifu hiyo hawakuwepo nilipochota sampuli zangu. Hawakuona chupa zangu wala hawakuhesabu nilichohesabu. Itabidi waniamini. Mimi ambaye sikuwa tayari kumwamini mtu, sasa ninaomba kuaminiwa. Hapo ndipo lilipotoka swali la insha hii: je, mtu ana haki ya kutilia shaka kila kitu? Na kama anayo, gharama ya shaka yake hulipwa na nani?

Kwanza niitetee shaka, kwa sababu imenilea. Royal Society, chama cha wanasayansi kilichoanzishwa London mwaka 1660, kilichagua kaulimbiu ya Kilatini inayotuonya tusikubali jambo kwa sababu tu fulani amelisema. Karne nyingi kabla yao, Imam Ghazali, mwanachuoni wa Uajemi aliyefariki mwaka 1111, alisimulia jinsi alivyofika mahali pa kutoyaamini hata macho yake mwenyewe. Kivuli huonekana kimesimama, kumbe kinasogea. Nyota huonekana ndogo kama sarafu, kumbe hesabu zinasema ni kubwa kuliko dunia. Bila watu wa namna hii tungekuwa tunarithi makosa ya babu zetu pamoja na mashamba yao.

Lakini shaka haikai upande wa ukweli siku zote. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti walikuwa wakipeleka ugonjwa kwa wanawake waliojifungua. Akaagiza wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Aprili mwaka huo, katika wodi yake, walikufa zaidi ya 18 katika kila akina mama 100. Mwezi Juni walikuwa kama 2. Hata hivyo wenzake wengi hawakumwamini. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wasomi waliodai maelezo kamili, na wakati huo hakuna aliyeweza kuwaeleza habari za vijidudu. Walitumia silaha ileile ninayoipenda mimi: "Umejuaje?" Ila walioilipia shaka hiyo si wao. Walikuwa wanawake waliolala kitandani.

Kuna pia jambo la pili linaloninyenyekeza. Siku moja katika teksi kutoka Kasese kuja Bwera nilikaa karibu na mzee mmoja. Mawingu yalikuwa yamefunguka na milima ya Rwenzori ilionekana vizuri. Mzee akasema kwamba theluji inaisha kwa sababu Kithasamba, ambaye wazee wa Kikonzo humtaja kuwa mwenye mlima, amekasirika. Nikamweleza kwa heshima habari za joto la dunia. Nikamwambia kwamba mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda vilele hivyo, barafu ilifunika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 6, na kwamba kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wewe umefika huko juu?" Nikasema sijafika. Akasema, "Mimi nimefika mara nyingi. Nilikuwa nabeba mizigo ya wazungu. Mahali tulipokuwa tukikanyaga barafu, sasa ni mawe."

Bado naamini kwamba sababu niliyoitoa mimi ndiyo sahihi. Lakini kuhusu barafu yenyewe, yeye alikuwa shahidi, na mimi nilikuwa mtu aliyesimuliwa na vitabu. Nilichojua nilikijua kwa kuwaamini waliopima. Vivyo hivyo naamini kwamba damu yangu ina chembe nyekundu, kwamba dunia inalizunguka jua, na kwamba nilizaliwa tarehe iliyoandikwa kwenye kitambulisho changu. Ukiniondolea yote niliyoyapokea kwa watu wengine, nitabaki na maarifa ya kujaza kijiko. Kwa hiyo anayesema hamwamini mtu yeyote anajidanganya. Anawaamini wengi, ila hajawahi kuwahesabu.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona aibu. Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, upande wa pili wa mpaka wetu. Mtu asiyeijua Bwera huenda asielewe maana ya maneno "upande wa pili". Hapa Mpondwe siku za soko watu huvuka kwa maelfu na mihogo, samaki, kahawa na vitenge. Banande wa kule na Bakonzo wa huku ni ndugu, lugha yetu ni moja, na wengi tuna mashangazi ng'ambo ya mto. Ugonjwa ule uliendelea hadi tarehe 25 Juni 2020, ukapata watu 3,470 na kuua 2,287.

Mwaka 2019 nilikuwa kidato cha nne. Mpakani walikuwa wakipima joto kila mtu na kuna maji ya klorini ya kunawa. Darasani mimi ndiye niliyeongoza maneno. Nilisema kwamba Ebola ile ni biashara ya watu wenye magari makubwa. Nikauliza, "Nani kati yetu amemwona mgonjwa?" Hakuna aliyemwona. Nikashinda mjadala. Wenzangu wawili watatu wakaanza kupita pale kwenye ndoo za maji bila kunawa, na nilijua wanafanya hivyo kwa sababu yangu.

Mwezi Juni mwaka huohuo, mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na familia yake baada ya msiba wa babu yake alifikishwa hospitali ya Kagando. Wauguzi walimshuku mapema na akahamishiwa hospitali ya Bwera. Vipimo vikathibitisha Ebola tarehe 11 Juni, na mtoto akafariki. Bibi yake naye alifariki hapa Bwera, na mdogo wake alifariki baada ya kurudishwa Kongo. Hospitali ambayo wangu wote wamezaliwa ndani yake ikawa na uzio na watu waliovaa mavazi ya plastiki. Uganda ilikuwa imeshachanja zaidi ya wahudumu wa afya 4,000 kabla ya siku hiyo, na ugonjwa haukuenea kwa mtu mwingine upande wetu. Tuliponea hapo. Lakini haikuwa kwa msaada wangu.

Shangazi yangu anauza unga wa muhogo sokoni na hakusoma zaidi ya darasa la saba. Yeye pia alikuwa na shaka. Alisema hajui kama ugonjwa upo au haupo. Tofauti ni kwamba kila asubuhi aliweka ndoo na sabuni mbele ya meza yake, na akaacha kupeana mikono na wateja, jambo ambalo kwetu si rahisi. Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua na kitu asichokiamini, akajibu, "Nikinawa bure nimepoteza sabuni. Nisiponawa na ikawa kweli, nimepoteza watoto." Kwa kweli shangazi alipima uzito wa pande mbili za kosa kabla ya kuamua, kazi ambayo mimi mjuzi sikuifanya.

Hapa naweza kupingwa. Mtu atasema, "Basi unataka tumwamini kila aliyevaa koti jeupe." Hapana. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018 ulikuta kwamba kama robo ya waliohojiwa hawakuamini kwamba mlipuko ule ni wa kweli. Ni rahisi kuwaita wajinga. Lakini watu wa Beni walikuwa wameuawa na waasi tangu mwaka 2014, wakalia bila kuona msaada wa maana. Halafu Ebola ikaja, na pamoja nayo magari, fedha na wageni. Mwezi Desemba 2018 nchi yao ikapiga kura ya rais, lakini wao wa Beni na Butembo wakaambiwa wangoje hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama. Ilipofika Machi, rais alikuwa ameshaapishwa. Ukijiweka mahali pao utaona kwamba waliotiliwa shaka ni watu, si virusi. Imani haidaiwi kama kodi. Anayetaka kuaminiwa siku ya ugonjwa aonekane na siku za kawaida.

Kwa hiyo tofauti ninayoitafuta si kati ya wenye shaka na wenye kuamini. Ni kati ya shaka mbili. Ya kwanza iko tayari kujibiwa: mwenye nayo anaweza kukwambia ni kitu gani kikitokea atabadili mawazo. Pia anauliza, nikikosea, nani ataumia? Na huanza na nafsi yake kabla ya kwenda kwa jirani. Shaka ya pili haitaki jibu, inataka ushindi. Yangu ya kidato cha nne ilikuwa ya aina hiyo. Nilidai kuonyeshwa mgonjwa, lakini sikuwa na nia ya kwenda kutazama.

Nilidhani nimeshapona. Kisha ikaja tasnifu. Nimechunguza maji ya kunywa katika nyumba 40 za hapa kwetu. Kila nyumba nilichukua sampuli mbili, moja bombani na nyingine ndani ya dumu la nyumbani. Unachuja mililita 100 za maji kwenye utando mwembamba, unauweka kwenye joto la nyuzi 44, na kesho yake unahesabu vidoa vya njano. Shirika la Afya Duniani linataka bakteria wa E. koli wasionekane hata mmoja katika mililita hizo 100. Nadharia tete yangu ilikuwa kwamba maji hutoka bombani yakiwa salama kiasi, yakachafuka ndani ya dumu.

Siku moja boda iliharibika njiani na barafu ikayeyuka kwenye boksi lenye sampuli za madumu ya nyumba sita. Yalikaa kwenye joto hadi kesho yake. Bakteria kwenye joto huzaana, kwa hiyo idadi nitakayoipata si ile iliyokuwa ndani ya dumu. Kanuni inasema utupe. Lakini nilizipima tu, na matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Vidoa vilijaa. Nilipoziingiza kwenye jedwali, nadharia yangu ikasimama wima. Nilipozitoa, tofauti ikabaki, lakini ndogo, na sentensi niliyokuwa nimeipenda kwenye hitimisho ikawa haiwezi kuandikwa tena.

Nilikaa nazo siku tisa. Hakuna aliyejua habari za boksi isipokuwa mimi na mwenye boda. Nikaanza kujitetea: pengine barafu haikuyeyuka yote, pengine maji yale yalikuwa machafu kweli. Nilishangaa jinsi mtu mwenye shaka nyingi kama mimi alivyoweza kuzikosa zote usiku mmoja, kwa sababu tu jibu lilikuwa linamfaa.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja kati ya hao sita. Tulikutana njiani akaniuliza, "Mwanangu, yale maji yangu vipi? Nichemshe?" Makaa yamepanda bei na ana watoto wanne. Nikikosea kwa kuzidisha, yeye ndiye atakayenunua makaa. Nikikosea kwa kupunguza, watoto wake ndio watakaoharisha. Mimi kwa vyovyote vile nitavaa joho. Nikamwambia ukweli, kwamba sampuli yake iliharibikia mikononi mwangu, kwamba achemshe kwa sasa, na kwamba nitarudi kuchukua nyingine. Akasema "Wasingya", yaani asante, kisha akaongeza, "Basi ukileta jibu nitalikubali."

Sampuli sita nimeziondoa na sababu nimeiandika katika sura ya tatu. Msimamizi wangu amesoma na kuandika pembeni maneno mawili: "Hitimisho dhaifu." Ni kweli, ni dhaifu. Jumanne nitarudi kwa nyumba zile sita na boksi jipya, ingawa tarehe ya kuwasilisha imekaribia na huenda matokeo yasiwahi kuingia kwenye tasnifu. Yule mama hajauliza habari za tasnifu. Aliuliza habari za maji yake.