Je, Twampenda Paka au Twajipenda?

Mwaka 1998 katika mji wa Taipei, huko Taiwan, ulifunguliwa mkahawa ambamo wageni hunywa kahawa katikati ya paka. Desturi hiyo ikaenea Japani, kisha Ulaya. Mwaka 2014 watu wa mji wa Oakland, Marekani, waliianza kwa nia nyingine: paka wao walitoka katika makao ya kutunzia wanyama waliopotea au kuachwa, na mgeni aliyependezwa na mmoja aliweza kumchukua, amfuge kwake.

Labda mtu atauliza: Je, alipaye ili ampapase paka kwa saa moja ana huruma, au anatafuta raha yake tu? Swali hilo lina maana. Paka mchangamfu, ajilazaye mapajani petu, ni rahisi kumpenda, kwa kuwa hutulipa papo hapo. Lakini yupo pia yule aliyejificha chini ya kiti kwa kuwaogopa watu. Kwa huyo huruma yetu hupimwa. Amvutaye kwa nguvu ili ampapase amejipenda mwenyewe. Amwachaye kwa utulivu, akaondoka bila kumgusa, ndiye aliyempenda. Na fedha aliyolipa imesaidia kumlisha.

Basi, raha si kosa, mradi isiitawale huruma. Tena somo hili latufaa hata kwa watu: mgonjwa asiyetaka maneno mengi, mtoto mwenye haya, mzee mkali. Kumtembelea mwenzio si kumdai akufurahishe.