Onyo juu ya Kumwita Mtu Mchawi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kunena, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu zetu Waislamu, jueni ya kwamba maneno ya kutishana ni mengi katika lugha yetu, na mengi katika hayo hupita kama upepo. Lakini liko moja ambalo likisha kutoka kinywani halirudi, nalo ni neno hili, mchawi. Watu hulitumia kwa njia mbili. Mmoja hujisifu kwalo, akamwambia mwenziwe kuwa atamroga, apate kuogopwa. Wa pili humtupia mwingine, akasema, "Fulani ni mchawi," huyo fulani apate kuchukiwa. Wa kwanza ajifanya mshirika wa shetani, na wa pili ajifanya mjuzi wa ghaibu. Wote wawili wamekosa.

Twayaandika haya kwa sababu ndugu zetu wa pwani ni wengi huko bara. Wako Shinyanga na Kahama, wako katika machimbo ya dhahabu ya Geita, kama Nyarugusu na Rwamgasa. Wako wafanyao biashara, wako wachimbao, na wako, kwa masikitiko yetu, wapigao ramli na kufungua vitabu kwa ujira. Mtu wa bara akiona herufi za Kiarabu hudhani ya kuwa yaliyosemwa yametoka kwa Mungu. Basi neno la mtu wa pwani huko lina uzito kuliko alivyo mwenyewe.

Nalo neno hili si geni huko. Sisi twasema mrogi au mlozi. Wasukuma husema nogi, na wakiwa wengi, balogi. Mzizi ni mmoja. Lakini kwetu mara nyingi ni neno la ugomvi, na huko limekuwa hukumu. Mtoto hufa kwa homa ya malaria, au ng'ombe wakafa, au duara la wachimbaji likaporomoka juu ya watu. Jamaa hawaulizi, "Ni nini kilichomuua?" Huuliza, "Ni nani?" Huenda kwa mpiga ramli. Naye yamkini asitaje jina. Asema tu kwamba ni mwanamke, ni mzee, yu karibu, na macho yake ni mekundu. Waulizaji hutazamana, na kila mmoja amekwisha kumjua bibi huyo. Usiku huja watu wenye mapanga.

Na macho yale mekundu yametoka wapi? Nchi ya Usukuma imekatwa miti sana, kuni ni haba, na wanawake hupikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya kibanda kisicho dirisha. Mwanamke aliyevuta moshi ule miaka hamsini, akiwapikia waume, watoto na wajukuu, atakosaje kuwa na macho mekundu? Utumishi wake umegeuzwa kuwa ushahidi wa kumwulia. Na mara nyingine nyuma ya neno hili pana shamba, au mifugo, au mirathi ambayo mtu aliona bibi huyo anachelewa kuiacha.

Wala si vikongwe tu. Tangu mwaka 2007 dunia ilisikia habari za watu wenye ualbino waliouawa katika nchi hizo za Ziwa, kwa kuambiwa ya kuwa viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kifo kwa kumuua kijana wa miaka 14 katika wilaya ya Bukombe. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na mwezi wa Machi waganga zaidi ya 200 wakakamatwa. Na sheria ya uchawi iliyotungwa Tanganyika mwaka 1928 humhesabu kuwa mkosaji yule anayetisha watu kwa uchawi. Ikiwa sheria ya dunia imeliona jambo hili, Mwislamu mwenye Kitabu atakosaje kuliona?

Amepokea Abu Daud ya kwamba sahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), mmoja wao akalala usingizi, na mwingine akaenda akaichukua kamba yake, naye akashituka. Mtume akawafahamisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Zingatieni, ndugu zangu: ni kamba tu, na hofu ya kitambo kidogo. Je, hofu ya mwanamke mzee asikiaye kwamba jina lake limetajwa, ambaye kila jioni hulala akisikiliza hatua za watu nje?

Akisema mtu, "Huyo bibi si Mwislamu, hadithi haimhusu," twamjibu: Mtume (S.A.W.) ameikanusha imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake, wala hakuuliza dini ya jirani.

Na akisema, "Lakini uchawi umetajwa katika Kurani," twasema ni kweli, umetajwa, na katika Suratul Bakara imebainishwa kuwa haumdhuru mtu illa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini kuwako kwa uchawi si dalili ya kuwa fulani ni mchawi. Wizi uko, je, kila jirani ni mwizi? Anayemsingizia mwanamke zina huambiwa alete mashahidi wanne, na asipowaleta hupigwa mijeledi themanini. Basi anayemtupia mwanamke jambo la kumpotezea roho, shahidi wake awe ni mchanga? Maana ramli kwa Kiarabu ni mchanga, na mchanga hauoni wala hausemi. Mtume (S.A.W.) alihesabu madhambi saba yaangamizayo, na katika hayo ni uchawi, na kuua nafsi pasipo haki, na kuwasingizia wanawake waliohifadhika. Apigaye ramli na kumwonyesha mtu wa kuuawa, ameligusa la kwanza kwa mkono wake, na la pili na la tatu kwa ulimi wake.

Basi yatupasa haya. Kwanza, tusilitamke neno hili juu ya mtu, wala kwa hasira wala kwa mzaha. Pili, aliyekuwa na ramli aiache, atubie, atafute riziki ya halali. Tatu, tukilisikia likisemwa tusinyamaze. Tumwambie msemaji alete ushahidi au afunge kinywa, na tukihofia roho ya mtu twende kwa wenye amri kabla ya usiku kuingia. Nne, mgonjwa apelekwe hospitali, na maiti aombewe dua. Tano, tumzuru mzee aliyetengwa, mchana na mbele ya watu, wapate kujua ya kuwa hayuko peke yake.

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu na damu za waja wako, na utukinge na shari ya waganga waongo. Amin.

Wa billahi ttaufiq.