Chungu cha Mgonjwa wa Sukari

Ni lipi lenye haki zaidi kwa mtu mwenye maradhi ya sukari: kumpa akitamanicho, au kumzuilia kwa kumhurumia? Wengi hudhani kuwa suala hili ni la matabibu. Sisi twaona kuwa ni la tabia kabla halijawa la tiba, kwani chakula cha mgonjwa mara nyingi hupikwa na mtu mwingine, na huamuliwa na mtu mwingine.

Watu wetu wa mwambao huamini ya kuwa mwenye sukari akiacha halua na chai tamu amekwisha kujihifadhi. Kisha huketi kwenye sinia ya biriani inayong'aa kwa samli, wala haoni neno. Lakini maradhi haya hayaharibu sukari ya damu peke yake. Huharibu na mafuta yake. Ini humimina mafuta mengi katika damu. Kolesteroli njema hupungua. Na ile mbaya huwa chembe ndogo ndogo zenye wepesi wa kupenya katika kuta za mishipa. Mafuta mazito yenye kuganda, kama samli na ya nyama iliyonona, huzidisha shari, kwani hulidhoofisha ini katika kuivuta kolesteroli mbaya kutoka katika damu. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa sukari huuawa na moyo au kiharusi.

Ama nazi, hatuna budi kusema kweli ingawa ni nzito kwa mtu wa pwani. Kolesteroli ni ya vyakula vitokavyo kwa wanyama, na nazi haimo. Na wauzao mafuta yake katika vichupa kama dawa hulishika neno hilo. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale mazito, nayo huipandisha kolesteroli mbaya. Hatusemi nazi itupwe. Tui jepesi si sawa na kasimile, na mara moja kwa juma si sawa na kila siku. Wala hapana faida kuondoa samli ukaongeza mkate mweupe, kwani wanga uliozidi nao huongeza mafuta katika damu. Samaki, na mafuta ya simsim au ya alizeti kwa kiasi, ni bora.

Sasa tuangalie jambo lisilosemwa. Mume akiugua sukari, nyumba nzima hujua, na hupikiwa chungu chake mbali. Mke akiugua, mpishi ni yeye mwenyewe: huwapikia jamaa wali wa nazi, kisha hula mwisho, ukoko na mchuzi uliobaki na mafuta yake juu. Nani atampikia yeye chungu cha pili? Naye huona haya kujipikia, asije akaambiwa ajipendelea.

Na huyo ndiye ambaye sukari humnyang'anya zaidi. Katika mwaka 2006 wataalamu walikusanya tafiti 37 zenye watu zaidi ya 447,000. Mwanamume mwenye sukari, hatari yake ya kufa kwa maradhi ya moyo ilikuwa kama mara 2 ya mwanamume asiye nayo. Mwanamke, mara 3 na nusu ya mwanamke asiye nayo. Ile hifadhi ya moyo waliyo nayo wanawake huliwa na sukari.

Ama wale wasemao kuwa kujizuilia chakula cha halali mbele ya mwenyeji ni kuikataa neema, na wakumbuke iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani kwa Ummul Mundhir pamoja na Sayyidna Ali, ambaye ndiyo kwanza anainuka katika maradhi. Mtume alikula tende zilizotundikwa. Ali alipotaka kula, akamkataza kwa udhaifu wake. Bibi huyo akapika shayiri na mboga, na Ali akaambiwa ale hicho, kwani chamfaa zaidi. Tende ni halali, na bibi mwenye nyumba hakuona amevunjiwa heshima, alipika kingine. Kwetu mwenyeji huapa mpaka mgonjwa ale, akisema siku moja haidhuru. Na kila nyumba ina siku yake moja.

Kumlazimisha hivyo ni kuitafutia fahari nyumba yako kwa mwili wa mwenzio.

Lililobaki ni la waume. Chakula kimfaacho mwenye sukari hakimdhuru mzima: wali usiotiwa tui, samaki wa kuchoma, kunde, mchicha uliopikwa kwa mafuta kidogo. Basi haja ya vyungu viwili haipo. Nyumba yote yaweza kula chungu cha mgonjwa, na mume awe wa kwanza kunyosha mkono na kusifu. Na siku mkewe aendapo kupimwa sukari, mume aulize kama mafuta ya damu nayo yamepimwa.