Mahakimu wa Mvua ya Mawe

Migomba ikilala chini hapa kwetu Songambele, hakuna anayehitaji kuelezwa hasara yake. Ndizi ndiyo chakula, ndiyo ada ya shule. Kwa hiyo wiki hii nilipomsikia mzee mmoja, tena mtu wa msikitini, akisema upepo na mvua ya mawe vilivyoangusha migomba ya mama fulani vimemwendea kwa sababu ya “mambo yake”, roho iliniuma na bado haijatulia. Shamba la mzee limenusurika, ni kweli. Liko bondeni. La mama liko juu ya kilima, halina hata mti mmoja wa kukinga upepo.

Najua nitaulizwa: kwani wewe unakataa kuwa upepo ni ishara ya Mwenyezi Mungu? Sikatai, wala siwezi. Suratur-Rum inazitaja pepo zinazoyasukuma mawingu hadi mvua itoke kati yake. Suratul-Ahqaf inatusimulia kaumu ya Adi, walioliona wingu likielekea mabonde yao wakashangilia, kumbe limebeba upepo wa kuwaangamiza.

Ila tusiishie hapo. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) akiona wingu zito uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka, hatulii mpaka mvua inyeshe. Alipoulizwa, akawakumbuka hao hao Adi. Mbora wa viumbe anaogopa! Sisi tunatazama wingu lile lile tukiwa tumekwisha kumtaja wa kupigwa. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaifikia Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Kama kila anayepigwa ana kosa, nani ataenda kule akamweleze mzazi kosa la mwanawe?

Wapo pia wanaosema kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ni upungufu wa imani. Hao sina muda nao sana. Mwenye ngamia aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Na mwenye mgomba wenye mkungu mzito auwekee mti wa kuuegemeza.

Kinachonishangaza ni kwamba mfano wa namna ya kusema na mvua tunao. Mtu alimwendea Mtume siku ya Ijumaa, yuko kwenye hotuba, akalalamika kwamba mali inaangamia kwa ukame. Mtume akaomba, mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akaja mlalamikaji tena: nyumba zinaanguka, mali inazama. Mtume akainua mikono, akaomba mvua iende pembeni yao, vilimani, mabondeni, kwenye miti. Mara zote mbili watu walikuwa na shida, na mara zote mbili waliombewa. Hakuna aliyehojiwa nyumba iliyoanguka ni ya nani na mwenyewe alikuwa amefanya nini.