Je, Kuacha Kitabu Katikati ni Kosa?



Ndugu msomaji, muhula uliopita nilianza kusoma kitabu nikakiacha katikati. Ni riwaya ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi, yule mwandishi wa Ukerewe aliyetuandikia Rosa Mistika. Rosa Mistika niliimaliza kwa siku mbili. Nagona, iliyotoka mwaka 1990, haifiki hata kurasa 100, nikasema hii ni ya usiku mmoja.

Haikuwa hivyo. Msimulizi hana jina. Anatembea mahali nisipopajua, anakutana na watu wanaosema kwa mafumbo, na nikidhani nimeshika uzi, tayari tumehamia kwingine. Nilifika ukurasa wa 20 nikarudi wa kwanza. Mara ya pili nilifika wa 23 nikakifunga. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Kushindwa na kitabu cha Kiswahili hapa Kampala, mbele ya wenzangu wanaoniona mjuzi wa lugha, kuliniuma.

Siku chache baadaye, tulipotoka kuswali Alasiri, kijana wa mwaka wa kwanza anayesomea Kiswahili alinifuata nikiwa navaa viatu. "Ustadh," akasema, "kitabu hiki tumepewa darasani. Wenzangu wanasema kina kufuru. Nikisome?" Nilipaswa kumwambia kwamba kimenishinda. Badala yake nikamjibu, "Achana nacho, kimejaa falsafa za wasioamini." Akanishukuru. Baadaye nikasikia kwamba hakuandika insha ya kitabu kile, na alama za kazi hiyo zilimpotea.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: kosa langu lilikuwa lipi? Ni kukiacha kitabu?

Katika fiqhi tunasoma suala linalofanana na hili. Mtu akianza saumu ya sunna, je, kuanza kwake kunamlazimisha kumaliza? Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, wanasema halazimiki. Kuimaliza ni bora, lakini akifungua hana dhambi wala halazimiki kulipa. Wanatoa Hija na Umra, kwani ukishaingia humo, hata kama ni za sunna, ni lazima ukamilishe. Madhehebu ya Imam Abu Hanifa yanasema anayeianza saumu hiyo amejifunga mwenyewe, na akiivunja atailipa. Sasa, ikiwa wanazuoni wamekhitilafiana katika ibada, itakuwaje katika riwaya niliyoiazima maktaba? Sikuweka nadhiri wala sikumwahidi mtu. Umri nao ni amana tutakayoulizwa namna tulivyoutumia, na mtihani wa Usul al-Fiqh ulikuwa umekaribia. Kwa hiyo sioni dhambi katika kukifunga kitabu kile.

Mwenzangu wa chumbani hakukubali. Aliniambia, "Na kisa cha Nabii Musa (a.s.) na Khidhr je? Si kinatufundisha kuvumilia tusichokielewa?" Nilimjibu kwamba Nabii Musa alielekezwa na Mwenyezi Mungu kwa mja yule. Alikuwa na yakini kwamba kuna elimu mbele yake. Mwandishi wa riwaya hana dhamana hiyo. Anatuomba subira, nasi tuna hiari ya kumpa au kumnyima.

Jibu lilimridhisha, lakini mimi halikuniridhisha. Usiku ule nilikisoma tena kisa hicho katika Suratul Kahf. Jahazi linatobolewa, kijana anauawa, ukuta unajengwa bila ujira, na kila mara Nabii Musa anasema neno kabla hajaelezwa sababu. Yeye, hata hivyo, alisema kwa kuitetea haki aliyoijua. Wenye jahazi walikuwa maskini waliowapakia, na nafsi ya yule kijana ilikuwa haina hatia aliyoiona. Mimi nilisema kwa sababu gani? Nilisema ili kuficha aibu yangu. Nilichukua kutokuelewa kwangu nikakuvika joho la dini, nikampa mwenzangu kama fatwa.

Hapo ndipo kosa lilipo. Kuacha kitabu ni ruhusa. Kukitolea hukumu kana kwamba umekimaliza ni ushahidi wa jambo usilolijua. Suratul Israa inatuonya tusiyafuate tusiyo na elimu nayo, kwani masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Nagona huenda ina maneno ambayo Muislamu hayakubali. Huenda haina. Mwenye kurasa 23 hajui, na jibu lake la haki ni "sijui". Imam Malik, pamoja na elimu yake yote, alijulikana kwa kulisema neno hilo mbele ya watu waliosafiri mbali kumuuliza. Sisi tukiitwa ustadh mara mbili tu, linatukwama kooni.

Nilimtafuta yule kijana bwenini kwao. Nikamwambia, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilisoma kurasa 23 tu, sikuelewa kitu, nikaona haya kukuambia." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hata wewe, Ustadh? Mimi nilifika ya 12, nikadhani tatizo ni langu." Tulikwenda pamoja kwa mhadhiri wake. Alitusikiliza kwa upole, lakini muda wa kupokea kazi ulikuwa umepita, na alama hazikurudi.

Kitabu nimekirudisha maktaba bila kukimaliza. Pengine nitakirudia, pengine sitakirudia. Ila nikiulizwa, ninataja ukurasa nilioishia. Nakuomba nawe, ndugu msomaji, ufanye hivyo kwa riwaya, kwa mawaidha uliyoyasikiliza dakika tatu kwenye simu, na kwa ndugu yako uliyemjua kwa siku moja. Sema ulipoishia, kisha mwenzako aamue mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na ulimi usiotangulia elimu yake. Wallahu a'lam.